Kupima Kamera kwa Mizani ya Pwani

Kila anayeanza kupenda kupiga picha hapa Mombasa hunijia na swali moja: anunue kamera gani? Nami humrudishia maswali matatu. Unapiga nini, unapiga saa ngapi, na usiku hicho kifaa kitalala wapi? Simkwepi. Ushauri mwingi tunaoupata kwenye video za mitandaoni umepimwa kwa jua la kwingine, ngozi za wengine, nguo za wengine na hewa ya kwingine. Kule ulikotoka ni ushauri wa kweli. Ukibebwa ulivyo ukaletwa Mji wa Kale au Nyali, pesa huenda pasipo na haja, na penye haja hapabaki kitu.

Mimi sipigi picha kwa malipo. Mchana kazi yangu ni makaratasi ya mizigo inayotoka bandarini. Kamera ni mapenzi ya jioni na ya mwisho wa wiki. Ila kwa kuwa ni mwanamke, jamaa na majirani huniita kwenye shughuli ambazo mwanamume haingii, na huko ndiko nilikojifunza mengi kuliko kwenye video zote. Nitafika huko. Kwanza jua.

Mombasa iko kama digrii 4 kusini mwa Ikweta. Mara mbili kwa mwaka, karibu na tarehe 10 Machi na tena siku za mwanzo za Oktoba, jua la adhuhuri husimama utosini hasa, na miezi mingine halisogei mbali sana na hapo. Mtu akisimama chini yake, paji la uso na ncha ya pua vinameta, macho yanazama gizani chini ya nyusi, na shingo inakatwa na kivuli cha kidevu. Hakuna lenzi inayoondoa hilo. Nimeona watu wakiacha lenzi ya bei ndogo wakachukua ya bei kubwa, wakarudi bustani ya Mama Ngina, kando ya bahari, saa saba mchana, wakapata macho yale yale yaliyozama.

Jioni nayo ni fupi. Jua letu hushuka wima, halitambai juu ya upeo kama linavyofanya Ulaya wakati wa kiangazi. Ile rangi ya dhahabu inayosifiwa sana hapa haizidi nusu saa hivi, na jua likishachwa, ndani ya dakika ishirini na kidogo mwanga umekwisha. Halafu bahari yetu iko mashariki. Ufukwe wa Nyali na wa Bamburi huingia kivulini mapema, kwa sababu jua linapoelekea kuchwa liko nyuma ya minazi na majengo ya hoteli. Anayetaka mwanga laini na bahari ndani ya picha moja aswali alfajiri kisha atoke moja kwa moja. Wakati huo jua linachomoza majini na linapiga uso bila kizuizi.

Basi, kifaa cha kwanza ninachomwambia mtu atafute kwa ajili ya mchana ni kitambaa. Zipo fremu za kukunja zenye kitambaa cheupe cha kuchuja mwanga, na bei yake ni ndogo mno ukiilinganisha na lenzi. Kama hana, shuka jeupe la pamba lisilo na maua linatosha, likashikwa na watu wawili juu ya kichwa cha anayepigwa, nje kidogo tu ya picha. Lazima liwe jeupe tupu. Leso yenye nyekundu itampaka mtu wekundu mashavuni na hutaweza kuuondoa baadaye bila kuiharibu ngozi. Nilipolitandika shuka hilo juu ya bibi mmoja wa mtaani kwetu Kibokoni, aliyekuwa amekaa nje akichambua mchele, kitu cha kwanza alichosema ni, "Hapa sasa, mwanangu, naweza kufumbua macho." Hilo silioni likitajwa kwenye maelezo ya kuuzia vifaa. Mtu aliye juani hukunja uso, na uso uliokunjwa hauna taa wala lenzi ya kuukunjua. Kitambaa kinampa anayepigwa raha kabla hakijaipa kamera mwanga mzuri.

Upepo ndio adui wake. Kusi likivuma kwa nguvu, hasa kati ya Juni na Agosti, shuka au softboksi yoyote (sanduku la kitambaa la kulainisha taa) ufukweni ni tanga, na stendi nyepesi zinazouzwa pamoja na miavuli ya kulainishia taa hazikuumbwa kuzuia tanga. Nunua stendi nzito hata kama taa yenyewe ni ya bei nafuu, na mifuko mitupu ya kujaza mchanga. Mchanga tunao, haununuliwi. Hata hivyo naona bora zaidi ni mtu. Kijana anayeshika taa kwa mkono anasikia upepo ukija kabla stendi haijaanguka, na anaweza kumfuata mtoto anayekimbia. Ukihesabu gharama za vifaa, hesabu na nauli na chakula cha huyo kijana.

Flashi je? Hapa lazima niingie kwenye namba, maana bila namba mazungumzo ya taa yanakuwa porojo. ISO ni kiasi kamera inavyohisi mwanga, namba ya f ni ukubwa wa tundu la lenzi (namba ikiwa ndogo tundu ni kubwa), na shata ni sehemu ya sekunde ambayo kamera inapokea mwanga. Kanuni ya zamani ya jua kali inasema: kwa ISO 100, tundu la lenzi likiwa f/16, shata iwe karibu 1/100. Ukifungua tundu hadi f/11, shata inapanda 1/200. Na 1/200 hivi ndipo kamera nyingi zinapofikia kikomo cha kufanya kazi na flashi ya kawaida. Maana yake ni kwamba flashi inayotaka kushindana na jua letu la mchana lazima iangaze uso kwa f/11. Flashi ndogo ya kupachikwa juu ya kamera inaweza hilo ikiwa uchi na karibu. Ukiipitisha kwenye mwavuli inapoteza nguvu nyingi, na utalazimika kuisogeza hadi inakaribia kuonekana kwenye picha, kwa sababu umbali ukizidi mara mbili mwanga unabaki robo. Iko njia ya kuvuka kile kikomo cha 1/200, flashi ikatoa mfululizo wa mapigo ya haraka badala ya pigo moja, lakini nayo inakula nguvu ile ile ambayo huna ya kupoteza. Taa ndogo za LED za kuwaka moja kwa moja, zile tunazoziona kila duka, jua la saa saba linazimeza zote. Kazi yake ni usiku na ndani ya nyumba.

Ukitoka kwenye uwazi ukaingia vichochoro vya Mji wa Kale, nyuma ya Fort Jesus, hesabu yote inabadilika. Nyumba zimepanda juu, njia ni nyembamba, na mwanga unaofika chini umekwisha kupigwa huku na huku na kuta. Msimamishe mtu hatua moja ndani ya mlango, ageuke kutazama njia, na una mwanga ambao watu wa miji mingine wanaulipia studio. Angalia tu rangi ya ukuta wa mkabala. Uliopakwa chokaa nyeupe unasaidia. Wa buluu au wa kijani unamwaga rangi yake juu ya ngozi.

Na hapo ndipo ushauri mwingine wa kawaida unapogonga ukuta kwa maana yake kamili. Kila anayeanza huambiwa anunue lenzi ya milimita 50 yenye f/1.8, kwa kuwa ni nyepesi, kali na ya bei nafuu. Nakubali sifa zote tatu. Ila kamera za wengi wetu zina kihisi kidogo (kihisi ni kile kipande cha ndani kinachopokea picha), kama milimita 23.6 kwa 15.6, wakati kihisi kikubwa kinachoitwa ful fremu ni 36 kwa 24. Kwenye kihisi kidogo 50 inaona kama 75, yaani eneo jembamba zaidi. Ili kumchukua mtu mzima kutoka kichwani hadi miguuni, kamera ikiwa wima, unahitaji karibu mita nne kati yako naye. Kwenye kichochoro, mtu akiwa mlangoni, mgongo wako unafika ukuta wa pili kabla ya hapo. Milimita 35 inafanya kazi hiyo kwa mita tatu kasoro, na kwa mlango wa nakshi wenyewe, pamoja na kizingiti chake cha juu, natumia 24. Anayepiga nyuso tu, au ufukweni, achukue 50 kwa moyo mmoja. Anayeishi vichochoroni apime kwanza njia ya mtaa wake kwa hatua.

Kanzu na buibui ni somo peke yake. Kamera inapopima mwanga hudhani kila kilicho mbele yake kina wastani wa kijivu. Ikikutana na kanzu nyeupe inadhani mwanga umezidi, inapunguza, na uso wa mzee unakuwa mweusi kuliko alivyo. Ikikutana na buibui jeusi inaongeza, na uso wa mama unapauka. Sasa asubuhi ya Idi, baba na mama wamesimama pamoja baada ya sala, watoto katikati wamevaa rangi zote za dukani: kamera imfuate nani? Mimi naiangalia kanzu. Napunguza mpaka mikunjo na darizi za shingoni zionekane, kwa sababu nyeupe iliyoungua haina kitu ndani yake cha kurudisha. Kisha napiga faili ya RAW, yaani picha ghafi ambayo kamera haijaipunguza, na kuinua vivuli baadaye, au najazia nyuso kwa flashi kidogo. Kwa kazi hii ya ISO ya chini, kamera nyingi za miaka kumi iliyopita zinatosha, hata zenye kihisi kidogo. Flashi inayokupa nafasi ya kujaza uso inakusaidia zaidi ya kubadilisha kamera, na inabaki nawe ukibadilisha kamera.

Kuhusu ngozi nasema kwa uzito, kwa sababu ni yetu. Kodak ilikuwa ikizipelekea maabara kadi za kusawazishia rangi zenye picha ya mwanamke wa Kizungu, maarufu kama kadi za Shirley, na rangi za filamu zilisawazishwa kwa kumtazama yeye. Kamera za leo zimeuacha mbali mtindo huo, lakini mafunzo ya taa mengi bado yanadhani anayepigwa ana ngozi nyeupe. Yanawaambia watu waongeze nguvu ya taa kwa ngozi nyeusi. Kwa macho yangu nguvu si tatizo. Ngozi nyeusi inapendeza pale mwanga mpana unapoakisika juu yake, ukachora shavu na taya kwa mng'ao laini. Taa ndogo kali ya mbele inaweka doa jeupe pajini na kuacha sehemu nyingine bila umbo. Taa ile ile, ikapitishwa kwenye mwavuli mkubwa, ikawekwa ubavuni na karibu, inatoa uso wenye uhai kwa nguvu ndogo. Wenye kutaka kuona umbali ambao picha ya sura inaweza kwenda hapa hapa mjini watafute picha za nyeupe na nyeusi za N. V. Parekh, aliyekuwa na studio Mombasa, za miaka ya 1960 na 1970. Tazama jinsi watu walivyokaa, kivuli cha pua kinaangukia wapi, mng'ao uko wapi. Nazirudia mara kwa mara.

Sasa ukumbini. Usiku wa kupamba, bibi harusi anapokaa jukwaani na wanawake wamejaa, simu mara nyingi hukusanywa mlangoni, na mwenye kamera amepewa amana. Nilichotakiwa kuwa nacho huko hakikuwa kwenye orodha yoyote ya "kamera bora": nafasi mbili za memori kadi. Kadi moja ni yangu ya kufanyia kazi, na hata hiyo hurudishwa. Ya pili namkabidhi mama wa bibi harusi pale pale kabla sijatoka ukumbini, mkononi mwake, ili awe na picha za mwanawe hata mimi nikipatwa na lolote njiani. Mtandao wa kamera unazimwa kabla sijaingia. Ukiwa unapima kamera kwa shughuli za aina hii, angalia nafasi za kadi kabla ya megapikseli, na usidhani toleo jipya lina kila kilichokuwamo kwenye la zamani. Nikon D7200 ya mwaka 2015 ina nafasi mbili. D7500 iliyoifuata mwaka 2017 ina moja. Kwa mpiga ndege au mpiga mandhari tofauti hiyo ni ndogo. Kwangu ndiyo iliyoamua, nikachukua ya zamani.

Mwanga wa ukumbini una tabia zake. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo taa nyingi za bei nafuu hupepesa mara 100 kwa sekunde, jicho lisione ila kamera ione. Ukipiga kwa shata isiyopatana na mapigo hayo unapata mistari ya giza ikipita juu ya picha, na shata ya kimyakimya ya kielektroniki ndiyo inayoumia zaidi. Video za Marekani hufundisha 1/60, kwa sababu umeme wao ni wa hezi 60. Hapa weka 1/50 au 1/100. Zile taa za jukwaani za kubadilisha rangi zina mapigo yake zenyewe. Hizo hujaribiwa mapema, kabla bibi harusi hajatoka.

Mbinu ya kuelekeza flashi darini ili mwanga urudi laini nayo inategemea dari. Kumbi zetu hupambwa vitambaa hadi juu. Dari la kitambaa cha waridi linarudisha uwaridi, na hina ya bibi harusi, ambayo watu wamekaa nayo saa nyingi kuichora, inapoteza wekundu wake. Ndiyo maana flashi yangu haikai juu ya kamera. Inasimama pembeni mwa jukwaa ndani ya mwavuli mweupe, naiamrisha kwa triga ya redio, kifaa kidogo cha kuiwasha kwa mbali. Natumia Godox TT600, ambayo inarekebishwa kwa mkono tu na ina redio ndani yake. Inakula betri nne za AA, na za kuchajiwa huirudisha tayari upesi kuliko za kutupa. Stima ikipotea katikati ya shughuli, mwanga wangu unabaki. Rafiki yangu mwenye taa kubwa za studio za kuchomeka ukutani, nzuri sana nyumbani kwake, hazileti ukumbini kwa sababu hiyo na kwa sababu ya waya zinazokwaza miguu ya wanawake wanaocheza.

Kama unataka LED kwa ajili ya video, au kwa sababu anayepambwa anataka kuona mwanga ulivyo usoni kabla hujabonyeza, angalia kipimo cha usahihi wa rangi kinachoandikwa CRI, na usishuke chini ya 95. Dhahabu na hina ndizo zinazofichua taa mbovu: dhahabu inageuka kijani, hina inageuka kahawia ya matope. Beba pete ya dhahabu dukani ukaijaribu chini ya taa kabla hujalipa. Mimi hufanya hivyo.

Nilisema nauliza kifaa kitalala wapi usiku. Hewa yetu ndiyo inayoua lenzi nyingi kuliko kuanguka. Kuvu huota ndani ya vioo unyevu ukikaa juu kwa muda mrefu, na huanza hasa kwenye lenzi iliyofungiwa gizani ndani ya kasha la ngozi na kusahauliwa. Kuvu ikishatafuna rangi nyembamba iliyopakwa juu ya kioo, fundi anaweza kusafisha ila alama inabaki. Kabla ya lenzi ya pili, nunua chombo cha plastiki chenye mfuniko wa mpira unaobana, vifuko vya silika vinavyobadilika rangi vikishiba maji, na kipima unyevu kidogo cha kuweka ndani. Lenga asilimia 40 hadi 50. Silika ikishiba inapashwa moto na kurudi kazini. Mchele hausaidii kama watu wanavyosema, na vumbi lake linaingia kwenye pete za lenzi. Mwenye uwezo achukue kabati la umeme la kukausha hewa. Mwenye chombo cha plastiki asijione mnyonge, kinafanya kazi. Na lenzi ziguswe, zitumike, zipate hewa na mwanga.

Kuna na ule ukungu wa kutoka chumba chenye kiyoyozi kwenda nje. Kioo baridi kikikutana na joto la Mombasa kinajaa maji papo hapo. Ifunge kamera ndani ya mfuko wa plastiki ungali ndani, utoke nayo hivyo, uiache ipate joto kwanza ndipo uifungue. Kwenye harusi maana yake ni kutoka mapema kabla ya bibi harusi, mfuko mkononi. Ukirudi kutoka ufukweni pangusa chumvi kwa kitambaa chenye unyevu mdogo, kisha kikavu. Kamera iliyoandikwa kwamba inazuia maji na vumbi inasaidia, ila ikifungwa lenzi isiyokuwa na kinga hiyo mlango umebaki wazi.

Wengi wetu tunanunua mitumba, na sioni aibu yoyote hapo. Njoo na tochi. Fungua tundu la lenzi lote, mulika kutoka nyuma, tazama kwa mshazari: vijinyuzi vyeupe vyenye matawi ni kuvu, na lenzi hiyo usiiweke karibu na zako hata ukipewa bure. Uliza idadi ya mibonyezo ya shata. Kamera nyingi za kuanzia hukadiriwa karibu 100,000, na za juu zaidi kama Canon 5D Mark III 150,000. Piga picha ya ukuta mweupe kwa f/16 uone madoa ya kihisi. Yote hayo kabla hujatuma M-Pesa. Kwa zinazotoka Japani kuna jambo moja la ziada: kamera nyingi za Sony zilizouzwa kwa soko la ndani la Japani zina menyu ya Kijapani pekee, kwa hiyo ziwashe ukaone lugha.

Anayeagiza kutoka nje asilinganishe bei ya mtandaoni na ya dukani moja kwa moja. Hili ni la kazi yangu. Kwa mzigo unaokuja kwa bahari, thamani ya forodha huhesabiwa bei ikishajumlishwa na bima na nauli, na VAT ya asilimia 16 inakuja juu ya jumla hiyo pamoja na ushuru uliotozwa. Na ukimwagiza ndugu anayekuja kutoka Dubai, mwambie betri za akiba za lithiamu azibebe kwenye mkoba wa mkononi, maana haziruhusiwi kwenye mizigo ya chini ya ndege. Angalau plagi za kule na zetu ni sawa.

Jambo la mwisho la kuangalia ni mlango wa lenzi, yaani pale lenzi inapofungwa kwenye kamera. Canon na Nikon zote zilihamia milango mipya mwaka 2018, RF ya Canon na Z ya Nikon, kwa kamera zao mpya zisizo na kioo ndani. Lenzi za zamani zinaingia kwenye kamera mpya kwa kiunganishi, lakini lenzi mpya haziingii kwenye kamera ya zamani. Kwa hiyo mwenye kununua kamera ya zamani yenye kioo ndani (DSLR) ya mtumba leo anapata lenzi nyingi za bei nzuri, na siku akihama anaweza kuhama nazo.

Binti wa kaka yangu alinijia juzi na pesa alizodunduliza. "Shangazi, nichukue ful fremu sasa, au ningoje?" Nikamwambia anioneshe picha zake kumi anazozipenda na kumi zilizomuudhi. Anapiga vijana wa mpira wa ufukweni na marafiki zake, mchana, jua likiwa kali. Zilizomuudhi zote zilikuwa na tatizo moja: mbingu imeungua au uso umekuwa mweusi. Kihisi kikubwa kingemwongezea nafasi ya kuinua vivuli, ndiyo, lakini kijana anayeruka angebaki amewekwa kivuli na jua la utosini.

Tukaweka mbele yetu njia mbili: flashi mbili ndogo kama yangu, au Godox AD200 moja, yenye wati-sekunde 200, ambayo ni karibu mara tatu ya nguvu ya flashi ndogo, na betri yake kubwa ya kuchajiwa. Kwangu mimi mbili ndogo ndizo zinazofaa. Ukumbini sihitaji nguvu, nahitaji mwanga kutoka pande mbili, mmoja usoni na mwingine nyuma ya mtandio utenganishe nguo nyeusi na pazia jeusi. Kwake ni kinyume. Anahitaji pigo moja lenye nguvu ya kupita mwavuli na bado kufika f/11 saa nane mchana, na anaye mdogo wake wa kulishika. Kamera yake ya kihisi kidogo inabaki. AD200 inaingia kwanza, mwavuli mweupe na mifuko ya mchanga pamoja nayo, na zilizosalia zitanunua chombo cha plastiki na silika. Baba yake bado anasema flashi haionekani kama kitu cha kununulia pesa zote hizo. Mechi ijayo iko Jumamosi Bamburi, na nimemwambia kaka aje aone.